Kitakia cha Usingizi

Wifi yangu alikuja karakana asubuhi ya ukungu, tandiko amelikumbatia kifuani, farasi akimfuata nyuma kwa kamba iliyolegea. Kabla ya salamu akanipa sharti. Chini ya tandiko nifanye nitakavyo, lakini tandiko lenyewe nisiliguse: nisiligeuze, nisilikande, nisiingize sindano hata kwenye uzi mmoja. Haya. Fundi wa matandiko ni mimi, karakana ni yangu, meza ni yangu, na sheria anatunga mteja. Nikamwambia karibu wifi, chai ipo kwenye chupa, kikombe unajua kilipo.

Tandiko lile alilishona mume wangu, kaka yake wa tumbo moja. Alifariki mwaka juzi. Wazee wa familia walipokaa kugawa vitu, waliona mimi nibaki na karakana kwa sababu kazi tuliifanya wote wawili, na yeye dada mtu apewe farasi pamoja na tandiko lake, kwa sababu ndiye pekee katika ukoo mzima aliyejua kupanda. Ulikuwa mgawo wa haki, kila mtu alisema hivyo. Mimi nilikubali kwa mdomo na kununa moyoni, na sioni haja ya kuficha. Kupanda farasi sijapanda maisha yangu yote. Nilishona matandiko ya watu, nikayapiga dawa ya ngozi, nikayakabidhi, basi. Marehemu alikuwa akinitania kwamba mimi ni mpishi asiyeonja.

Farasi mwenyewe anaitwa Usingizi. Ni jike la rangi ya jivu, na jina alipewa kwa tabia yake: kila akitandikwa anasinzia. Mdomo wa chini unaning'inia, kope zinashuka, na ukimsemesha anafumbua jicho moja kwa adabu halafu analirudisha. Ukikaa naye muda, na wewe unaanza kupiga miayo. Sijui ni joto la mwili wake au ni ile pumzi yake ndefu, lakini nimewahi kumkuta mume wangu amesimama kandokando yake, paji la uso kwenye shingo ya mnyama, wamelala wote wawili.

Miezi ya karibuni Usingizi aliacha kusinzia. Akiona tandiko analaza masikio, anakaza mgongo, anatafuta mkono wa kung'ata. Ukatokea uvimbe nyuma ya bega, kisha mwingine karibu na kiuno. Wifi akaongeza blanketi. Maumivu yakazidi, akaongeza la pili, na juu yake akaweka mto wa kiti cha sebuleni, nao ulikuwa na maua. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia kwamba kiatu kikikubana huvai soksi mbili, wifi, unazidi kujikaba. Akanijibu kwamba farasi si kiatu. Ukitaka kumwelewesha wifi yangu jambo, bora umpigie mbuzi gitaa, angalau mbuzi atatingisha mkia.

Daktari wa mifugo ndiye aliyemtisha. Alimpumzisha Usingizi wiki nyingi hadi uvimbe ukanywea, kisha akasema hivi: sasa unaweza kujaribu kumpanda, lakini tafuta kwanza kitakia cha maana. Uvimbe ukirudi, mnyama huyu hatatandikwa tena mpaka siku ya kufa kwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo wifi alilielewa. Ndiyo sababu alikuwa amesimama karakanani kwangu saa hiyo, ukungu umemlowesha nywele, na macho ya mtu ambaye hajalala.

Kwa asiyejua, kitakia ni kitu kidogo tu. Kinakaa katikati ya tandiko na kile kitambaa chembamba cha kunyonya jasho. Hakifuniki mgongo mzima, kinaishia pale tandiko linapoishia, na katikati kina mfereji ili uti wa mgongo upate hewa. Kazi yake ni kupunguza mshindo na kuziba pengo dogo pale mgongo na tandiko vinapokosana. Si dawa ya kila kitu. Watu wengi wanakibonyeza kwa kidole dukani, wakiona kinabonyea wanasema hiki kizuri, kumbe mgongo wa farasi haubonyezwi kwa kidole.

Vyangu nilikuwa nimevitundika kwenye kamba inayokata karakana kutoka ukuta hadi ukuta. Dirisha ni moja, linatazama kiwanja cha nyuma, na mwanga wa ukungu uliingia mweupe, mzito, ukakaa mezani kama maziwa yaliyomwagika. Nyuzi za sufu zilikuwa zikielea hewani. Huwa zinaelea siku zote kwangu, nakohoa nazo mwaka mzima, lakini asubuhi ile hata mimi niliacha mkasi nikazitazama. Wifi alipita chini ya kamba taratibu, vitakia vikimgusa mabega. Alishika cha jeli, kikamtetemekea mkononi, baridi, akakiacha. Alipofika kwenye cha ngozi ya kondoo, chenye manyoya marefu, akakilaza shavuni na kufumba macho.

Nikamuuliza anamchagulia farasi au anajichagulia mto.

Hakukasirika. Alitabasamu tu bila kufumbua macho, na kwa muda nilimwona amefanana na kaka yake kuliko nilivyopenda.

Tukaanza kujaribu, huko kiwanjani, kimoja kimoja. Cha jeli kilifanya tandiko liteleze nyuma. Cha sponji nene kililiinua juu mno, nikapitisha vidole chini ya mbele yake, pale shingo inapokutana na mgongo, vikakwama; kilikuwa kinabana kuliko yale mablanketi. Wifi alikipenda kwa sababu kilikuwa laini. Nilikivua. Ngozi ya kondoo ilikaa vizuri, ikafuata umbo la mgongo, na mimi mwenyewe nikadhani tumefika. Usingizi akalaza masikio vilevile. Alitazama mbele kwenye ukungu, taya limekaza, akingoja kuumizwa. Mnyama asiyejua kusema akikungojea umuumize, inakukata maini.

Basi nikaenda ndani nikatoa shuka jeupe la zamani, nikalikata, nikalitandika mgongoni pake chini ya kila kitu. Hii tulikuwa tukifanya na mume wangu zamani, kabla hatujawa na vifaa. Unamtandika farasi juu ya shuka safi, anapandwa kidogo, halafu unalisoma shuka: palipokandamizwa zaidi ndipo panapochafuka zaidi. Nikamwambia wifi apande, azunguke kiwanja kwa mwendo wa kutembea, arudi. Mimi nikasimama mlangoni na kikombe changu.

Walianza kwenda. Ukungu ulikuwa umefika magotini mwa farasi, na miguu haikuonekana tena, ni mwili tu uliokuwa ukielea kuelekea mwisho wa kiwanja. Hakukuwa na sauti isipokuwa ngozi ya tandiko ikilalamika kidogo kila hatua. Wifi alikuwa amenipa mgongo. Bega lake la kushoto lilikuwa chini, kichwa kimeinama kidogo upande uleule, na kiuno kimelegea, kinayumba kwa raha upande mmoja, upande mmoja.

Nikamwona mume wangu.

Sisemi nilimfikiria. Nilimwona. Ujanani alivunjika nyonga, ikaungana vibaya, na tangu hapo alikaa kiupandeupande, akiegemea kushoto, iwe kwenye kiti, kwenye benchi, au kwenye ngazi za mlango akinywa chai. Farasini ilikuwa vivyo hivyo. Miaka na miaka nilisimama kwenye mlango huohuo nikamtazama akiondoka na lile bega limeshuka. Sasa likawa linaondoka tena mbele yangu, na mimi nikashika mwimo wa mlango kwa mkono wenye kikombe, chai yote ikanimwagikia kwenye kiatu.

Halafu ufundi ukanirudia, afadhali. Nikajiuliza: wifi hajavunjika nyonga. Wifi akitembea ananyooka kama msumari, anacheza rede na watoto wa jirani mpaka leo. Kwa nini aegemee? Haegemei yeye. Anaegemezwa. Ile sufu aliyojaza mume wangu ndani ya tandiko, upande wa kushoto, imekandamizwa na uzito wake mwaka baada ya mwaka hadi ikalala, na sasa tandiko lenyewe limepinda na yeyote atakayekaa juu yake litampindisha.

Waliporudi nilivua vitu vyote nikalitandaza shuka mezani. Doa zito lilikuwa nyuma ya bega la kushoto, na jingine upande wa kulia karibu na kiuno, pale tandiko lilipojisokota. Kwingine kote shuka lilikuwa jeupe. Ni palepale palipovimba. Nilimwonyesha wifi kwa kidole, nikamweleza yote, nyonga, sufu, kila kitu, nikijiona nimegundua dunia.

"Najua," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Najua, wifi. Nilijua siku ya kwanza niliyokaa. Ndiyo maana sikutaka uliguse."

Akavuta kigoda, akakaa chini ya vile vitakia, na akaongea huku akitazama mikono yake. Alisema akitoka alfajiri, ukungu ukiwa chini na mtu haoni anakokwenda, mwili wake huanza kuegemea wenyewe. Mwanzoni alipigana nao, kisha akauacha. Akiuacha, pumzi inabadilika, hata mkono unashika hatamu kwa namna nyingine, vidole viwili juu kama alivyokuwa akishika kaka yake. Hapo si yeye tena aliyekaa. Wanakwenda hivyo hadi jua linapotoka, hakuna anayesema neno, na hajapata kuwa na amani ya namna ile tangu walipokuwa watoto wakilala mkeka mmoja. Aliona uvimbe. Aliona farasi anaumia. Akaongeza mablanketi, akijua moyoni hayasaidii, kwa kuwa dawa yenyewe alikuwa anaiogopa.

Ningekuwa mtu mwema ningemshika bega. Lakini mimi hasira hunifika puani kabla ya huruma, ndivyo nilivyoumbwa, na nikahisi imenifika.

"Mimi sijamwota hata siku moja," nikamwambia. "Mwaka wa pili huu. Nalala kwenye kitanda chake, nashika nyundo yake, na hata ndotoni hapiti. Wewe ulikuwa naye kila asubuhi, ukimwendesha, na hujawahi kuniambia."

Nje Usingizi alipiga kwato mara moja kwenye udongo laini. Nilijua nimesema neno la wivu, na wivu wa mjane kwa wifi yake ni kituko cha kuchekesha watu, ila halikuwa neno la uongo na sikulirudisha. Nikaongeza, kwa sauti ya chini maana nilikuwa nimechoka, kwamba farasi yule anabebeshwa watu wawili na uti wa mgongo ni mmoja. Wifi alifuta macho kwa kiganja akatikisa kichwa kukubali.

Nikashusha kitakia cha mwisho kwenye kamba, ambacho hakuwa amekitazama hata kidogo kwa kuwa hakina sura. Ni cha sufu iliyoshindiliwa, cha rangi ya vumbi, chembamba, na kina mifuko minne pembeni, miwili mbele na miwili nyuma. Ndani ya mifuko unaingiza vipande vya sufu hiyohiyo kadiri mgongo unavyotaka: upande uliolala unainuliwa, upande ulio sawa unaachwa. Uzuri wake ni kwamba tandiko halifunguliwi. Mishono ya mume wangu ingebaki kama alivyoiacha, yote, hata ule mmoja wa pembeni alioukosea akakataa kuufumua. Nilimweleza wifi hivyo, nikidhani nampa habari njema.

"Ukiinua kushoto," akasema, "atashuka."

Nilikata vipande viwili vya mifuko ya kushoto, nikavipunguza kingo kwa kisu ili visije vikachoma, nikavilinganisha kwenye mwanga. Vilikuwa vyembamba, huwezi kuamini kitu kizito namna ile kinaondolewa na kitu chepesi namna hii. Nilipotaka kuviingiza mfukoni, wifi akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Panda wewe kwanza," akasema. "Kabla hujaviweka."

Nikakataa. Nilisema mgongo wa farasi si wa kuchezea. Akasema Usingizi hatatembea, atasimama tu, na mimi ni mwepesi kuliko yeye, jambo ambalo si kweli. Nikasema naogopa, hilo lilikuwa kweli. Akasema kaka yake alinibembeleza nipande tangu siku ya posa na nikakataa mpaka akaingia kaburini, sasa nitaendelea kumkatalia mpaka lini? Mawifi wana ulimi, jamani. Wanajua hasa mfupa uliko.

Akamtandika Usingizi juu ya kitakia kitupu, akaleta kigoda, akanishika kiuno kama anapandisha gunia. Nikajikuta juu. Ardhi ilikuwa mbali, na ukungu ulipoifunika hakukuwa na ardhi tena. Nilikuwa nimeshika manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili na macho nimeyafumba. Joto la mnyama likanipanda miguuni. Wifi aliniambia nilegeze, nisikae kama nimekaa mbele ya hakimu, niache tu kiuno kiende kinakotaka.

Nikakiacha. Kikaenda kushoto.

Kilikwenda polepole, kidogo tu, kama mtu anavyosogea kukupisha. Nami nikaujua mteremko ule. Sikuujua kwa farasi, kwa farasi nitajulia wapi. Niliujua kwa kitanda chetu. Miaka yote ya ndoa nililala kushoto kwake, na godoro lilikuwa limebonyea upande wangu kwa ile nyonga yake, kwa hiyo kila usiku, tukigombana tusigombane, usingizi ukimchukua alikuwa anateremka hadi mgongoni pangu. Nilimsukuma mara ngapi. Alipofariki nilinunua godoro jipya, maana lile la zamani sikuweza kulilalia peke yangu, na lile jipya ni tambarare. Nililala juu yake nikimngojea ndotoni, wakati njia yake nimeitupa mwenyewe kwa mikono yangu. Nikakaa pale juu, nimeegemea, uzito wake wote uko ubavuni mwangu, na nikamwambia maneno ambayo hayawahusu watu.

Chini yangu mgongo wa Usingizi ulikuwa umekaza. Niliuhisi ukitetemeka kwa ndani, nyuma kidogo ya goti langu la kushoto, mtetemo mdogo usiokoma, na masikio yake yalikuwa yamelala. Alikuwa ananivumilia. Nikafumbua macho, nikamwita wifi anishushe.

Vipande niliviingiza mwenyewe. Kimoja mfuko wa mbele, kimoja mfuko wa nyuma, nikafunga vifungo, nikatandaza upande mpya wa shuka, kitakia juu yake, tandiko juu ya kitakia. Nikapitisha mkono mbele, ukapita. Nikapitisha kulia, ukapita sawa na kushoto. Wifi alisimama akitazama kila kitu, halafu akapanda. Uvimbe haukurudi, nitangulie kulisema hilo. Daktari alikuja kumpapasa Usingizi mgongo mzima akaandika anachoandika akaenda zake. Na shuka la pili lilichafuka sawasawa pande zote. Lakini hayo yalikuja baadaye, na wakati ule hatukujua.

Tulichojua ni kwamba farasi aliondoka kwa hatua ndefu. Ukungu ulikuwa umeanza kuchanika na miguu yake ilionekana yote minne. Shingo ilishuka, masikio yakalegea, yakaning'inia kila moja na upande wake. Alipofika mwisho wa kiwanja alikoroma ule mkoromo wa farasi aliyeridhika, nikausikia toka mlangoni. Na juu yake alikaa mwanamke mmoja, mabega sawa, mgongo umenyooka, sikumfananisha na mtu yeyote.

Alirudi hadi mbele yangu, akasimamisha farasi. Nilimuuliza mwendo ukoje. Akasema ni mzuri, ni mlaini, hajawahi kumwona Usingizi akinyoosha hatua namna ile. Alisema yote hayo akitazama juu ya kichwa changu, kwenye paa la karakana. Kisha akanitazama.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, wifi yangu," nikamjibu.

Tangu msiba tulikuwa tumesema ametutangulia, amepumzika, kaka yenu, marehemu, mzee wangu. Neno lile hatukuwa tumewahi kuambiana. Alikaa nalo kidogo pale juu, machozi yanamteremka hadi kidevuni na hayafuti, kisha akageuza farasi akaenda kuzunguka tena, na mimi nikabaki mlangoni nikilia kwa sauti mchana kweupe, majirani wote wakisikia.